Nani anahesabu maji ya Lubumbashi na Kafubu?

Tarehe 4 Novemba 2025, maji ya bwawa la taka la usine ya CDM yalitoka na kuingia katika mitaa ya Lubumbashi, upande wa Kasapa na Kamatete. Siku mbili baadaye, Waziri wa Mines, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi ya usine ile kwa miezi mitatu. Tangu pale maneno ni mingi: nani ana kosa, nani atalipa, nani alifumba macho. Maneno hayo ni ya lazima. Lakini tunaona kuna swali moja limebaki pembeni, na bila jibu lake yale mengine yote yanazunguka tu pale pale: maji ya namna ile yakiisha kuingia mtoni, yanaenda mpaka wapi, yanafika saa ngapi, na yanafika na ukali gani?

Swali hili halihitaji mganga. Lina hesabu yake, na hesabu hiyo iko duniani tangu miaka 100.

Wenye kusoma wanaiita modeli ya ubora wa maji. Jina ni kubwa, jambo lenyewe kila mama anayepika analijua. Ukitia kijiko cha chumvi katika sufuria kubwa, mboga inakuwa tamu; ukitia kijiko kile kile katika kisufuria kidogo, hakuna mtoto atakayegusa. Mto ni sufuria ambayo ukubwa wake unabadilika kila mwezi. Modeli inahesabu maji yanayopita ni kiasi gani, uchafu unaingia kiasi gani na unaingilia fasi gani, unasafiri kwa mwendo gani, na njiani unapungua ao unabaki.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Si vipimo vya mto wowote wa kwetu. Wakati wa mvula mto unapitisha lita 2 000 kwa sekunde, na tayari una shaba kidogo, miligramu 0,02 katika kila lita. Bomba la usine linamwaga lita 50 kwa sekunde, zenye miligramu 10 za shaba kwa lita. Zidisha, jumlisha, gawanya: chini ya bomba, mto una karibu miligramu 0,26 kwa lita. Sasa mwezi wa Septemba umefika. Mvula ilikatika tangu Aprili, na mto ule ule unapitisha lita 300 tu. Bomba halikubadilika hata tone moja. Hesabu inatoa miligramu 1,45. Mkaguzi akija kupima bomba ataandika kwamba kila kitu iko sawa na mwezi wa Januari. Lakini mama anayemwagilia lengalenga pembeni ya mto anachota maji makali mara tano na zaidi.

Tena, tuangalie namba hii ya 1,45. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali shaba mpaka miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa. Kwa hiyo msemaji wa kampuni anaweza kusimama mbele ya watu na kusema bila kudanganya: «Tuko chini ya norme ya OMS.» Ni kweli, kwa mtu. Samaki haangalii norme ya mtu. Shaba inamuua kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Na kwa kobalti, chuma chetu cha kila siku, OMS haina hata namba ya maji ya kunywa. Mtu akikuambia kobalti ya mto fulani «iko ndani ya norme ya OMS», muulize norme gani.

Huku kwetu mvula inaanza Novemba hivi na inafika Machi ao mwanzo wa Aprili. Kutoka Mei mpaka Septemba karibu hainyeshi. Tofauti ya mto wa Februari na mto wa Septemba ni kama tofauti ya mkubwa na mtoto. Ndiyo maana ruhusa yoyote ya kumwaga maji machafu yenye namba moja tu kwa mwaka mzima, kwa maoni yetu, imeandikwa na mtu ambaye hakufika mtoni wakati wa kipwa.

Saa ya kufika

Kazi ya pili ya hesabu hii ni saa. Maji yanayotembea sentimita 30 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole sana, yanafanya karibu kilomita moja kwa saa. Kijiji kilicho kilomita 20 chini kina saa 18 za kujitayarisha: kujaza bidoni, kuondoa ng'ombe na mbuzi, kufunga pompa, kuambia watoto wasioge. Mto ukijaa na kutembea mita moja kwa sekunde, saa 18 zinakuwa tano na nusu. Ajali ya saa nne ya usiku, wakati wa mvula, inawakuta watu bado wako ndani ya usingizi.

Wazungu walijifunza hili kwa maumivu. Tarehe 1 Novemba 1986, depo ya kampuni Sandoz iliungua karibu na mji wa Basel, kule Uswisi. Maji ya kuzima moto yalibeba sumu za kuua wadudu mpaka mto Rhine, na samaki walikufa kwa mamia ya kilomita. Mto ule unapita Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, na mamilioni ya watu wanakunywa maji yake. Baada ya ajali hiyo nchi za mto zilitengeneza modeli ya pamoja ya kutoa alama ya hatari: ukiingiza fasi ya ajali, kiasi cha sumu na maji yanayopita siku ile, inakutolea saa ambayo wingu la sumu litapita kila mji, na saa ambayo litakuwa limeisha. Mwenye kupampu maji anafunga kwa wakati, anafungua kwa wakati.

Ndugu zetu wa migodi ya dhahabu kule Rumania walipata lao tarehe 30 Januari 2000. Ukuta wa bwawa la taka ulipasuka pale Baia Mare, na metri kibe 100 000 za maji yenye sianidi zikaingia mtoni. Ziliteremka mpaka Hungaria kwa mto Tisza, kisha katika mto Danube. Samaki walikufa kwa tani nyingi. Lakini miji ya chini ilikuwa na siku za kujua kitu kinakuja, na ilifunga maji kabla hakijapita.

Hata hivyo tusiende mbali. Mpaka wa Kasumbalesa uko karibu. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la Sino-Metals ulivunjika Chambishi, Zambia, katika ukanda ule ule wa shaba tunaochimba sisi. Maji ya asidi yalishika kamto ka Mwambashi, kisha mto Kafue, ambao zaidi ya nusu ya Wazambia wanautegemea. Mji wa Kitwe, wenye watu karibu 700 000, ulikatiwa maji. Serikali ilituma ndege kumwaga chokaa juu ya mto ili kuvunja asidi. Na uchafu ulionekana kilomita 100 chini.

Kitu kinachotusumbua zaidi katika habari ya Chambishi ni ugomvi wa hesabu. Mwanzoni ilisemwa lita milioni 50. Baadaye kampuni iliyoitwa kuja kupima ikasema taka zilizotoka ni tani milioni 1,5. Wenye mgodi wakakataa hesabu hiyo. Kati ya namba ya kwanza na ya pili kuna tofauti ya mara 30! Fidia ya mkulima, kina cha tope la kuondoa, miaka ya kusafisha, vyote vinakaa juu ya namba hiyo. Ambapo hakuna vipimo vya kabla ya ajali, kila mtu anakuja na kipimo chake baada ya ajali, na mwenye avoka mkali ndiye anayeshinda.

Jambo lingine: wingu la uchafu halisafiri kama treni, vagoni zote pamoja. Katikati ya mto maji yanakimbia, pembeni yanachelewa, nyuma ya mawe yanazunguka. Kwa hiyo wingu linajivuta. Kichwa chake kinapungua ukali kadiri linavyoshuka, lakini mkia unakuwa mrefu. Mtu anaangalia asubuhi anaona rangi imeondoka, anasema «mayi inapita, inaenda na uchafu yake», anachota. Mkia bado unapita. Rangi si kipimo. Maji yenye asidi na shaba iliyoyeyuka yanaweza kuwa meupe kama ya chemchemi.

Tope halisahau

Hapa tunafika fasi ngumu zaidi. Modeli ya kwanza inayojulikana sana ilitengenezwa na Wamarekani wawili, Streeter na Phelps, mwaka 1925, kwa ajili ya mto Ohio. Walihesabu uchafu wa miji: vyoo, maji ya jikoni, taka za viwanda vya chakula. Uchafu wa namna hii vijidudu vinaula. Vikiula vinatumia oksijeni ya maji, samaki wanakosa pumzi kwa kilomita kadhaa, kisha mto unajitengeneza, oksijeni inarudi. Lubumbashi ina uchafu huo pia, mingi kabisa; anayepita karibu na mto katikati ya mji hahitaji labo, pua inatosha. Hesabu ya mwaka 1925 bado inafaa kwa uchafu huo.

Lakini shaba haiozi. Kobalti haiozi. Risasi, zinki, kadmiamu, uraniamu, hakuna kijidudu kinachovimaliza. Chuma kikiingia mtoni kinafanya mambo mawili tu: kinaendelea na safari, ao kinalala chini. Kinachoamua ni asidi. Tunapima asidi kwa pH: 7 ni maji ya katikati, na kila namba moja unayoshuka, asidi inazidi mara kumi. Kwa hiyo maji ya pH 4 yana asidi mara 1 000 kuliko maji ya pH 7, hata kama kwa macho ni tofauti ya namba tatu tu. Maji makali ya asidi yanashika chuma kilichoyeyuka na kukibeba mbali. Yakikutana na mawe ya chokaa, ao mtu akiyatilia chokaa kama ile inayotoka Kakontwe kule Likasi, pH inapanda na chuma kinaanguka kwenye tope.

Wengi wanafurahi pale. Kipimo cha maji kinashuka, ripoti inaandikwa nzuri, kila mtu anarudi nyumbani. Lakini chuma hakikuondoka, kimebadilisha tu fasi ya kulala. Mvula kubwa ya kwanza ikija, maji yanakimbia, yanapekua tope, na chuma cha miaka kinasimama tena kutembea. Ao asidi mpya inashuka kutoka juu, inakiyeyusha upya. Modeli inayoangalia maji peke yake, bila tope, inasema mto umepona wakati ugonjwa umelala kitandani.

Na tope letu ni la zamani. Usine ya kuyeyusha shaba ya Lubumbashi, ile yenye chimney na terril tunayoona kutoka kila kona ya mji, ilianza kazi mwaka 1911, pembeni kabisa ya mto Lubumbashi. Watafiti wa Kongo na wa Uswisi walipima maji na tope la mto Lubumbashi na la mfereji wa Tshamilemba, na kule Kolwezi mito Luilu na Musonoie. Walikuta vyuma katika tope vikipita mbali sana kiasi ambacho viumbe vya mtoni vinaweza kuvumilia, fasi za usine zilizo hai na hata karibu na zile zilizolala zamani.

Mto Lubumbashi unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, ambayo ni mpaka wetu na Zambia, na Luapula inafika ziwa Mweru kwenye wavuvi. Kwa hiyo tope la hapa lina watu wengi wanaolingojea kule bila kujua.

Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodi ao usine walikuwa na kobalti na vyuma vingine juu sana kuliko wale wa mbali, na watoto ndio walikuwa na hali mbaya zaidi. Hatusemi yote yalitoka mtoni. Vumbi liko, chakula kiko, nguo za kazi ambazo baba anarudi nazo nyumbani ziko. Modeli ya mto haiwezi kuhesabu vumbi. Lakini inaweza kusema mboga zinazomwagiliwa fasi hii zinapata nini, na zile za kilomita kumi juu zinapata nini, na hilo peke yake lingesaidia wamama wengi kuchagua fasi ya bustani.

Nani amwage kiasi gani

Tuseme waziwazi jambo ambalo wasomaji wetu wanalijua kuliko sisi. Usine ikifungwa miezi mitatu, anayesikia njaa wa kwanza si mwenye usine. Ni mfanyakazi wa kontra ya siku, ni mama anayeuza bukari na samaki mlangoni, ni mtoto ambaye minerval yake haijalipwa. Kwa hiyo mtu wa mgodi anavutwa na kamba mbili: moja ya mshahara, nyingine ya maji ya nyumbani kwake. Viongozi wanapotumia dawa moja tu, kufunga ao kufungua, wanamlazimisha achague kati ya sufuria na bidoni.

Hesabu ya mto inatoa njia nyingine. Ukijua mto unaweza kubeba kiasi gani bila kuua, mwezi kwa mwezi, unaweza kukigawa kiasi hicho kati ya wote wanaomwaga. Usine ya juu ipate sehemu yake, ya kartie ya viwanda ipate yake, na mji wenyewe na mifereji yake uhesabiwe pia. Wakati wa kipwa sehemu inapungua: kampuni inalazimika kuhifadhi maji, ao kuyarudisha kazini, ao kuyasafisha zaidi. Inagharimu. Lakini inajulikana mapema, inaweza kupangwa katika bajeti, na mfanyakazi hakuti mlango umefungwa asubuhi moja kwa barua ya waziri.

Hesabu hiyo inamaliza pia mchezo wa «si sisi». Mto wenye usine tano una majibu matano, na kila jibu linaonyesha jirani. Lakini ukipima juu ya bomba na chini ya bomba, siku moja, saa moja, pamoja na kiasi cha maji yanayopita, mzigo wa chuma unajulikana kwa kilo kwa siku: kilo zilizopita chini, toa kilo zilizokuja kutoka juu, zinazobaki zina mwenyewe. Hakuna avoka anayeweza kubishana na kutoa kwa namna hiyo, kama vipimo vilifanywa mbele ya macho ya watu.

Na sisi wenyewe tuhesabiwe. Wachimbaji wa mkono, ba-creuseurs, wanasukula mawe mtoni, na wamama na watoto wanasimama ndani ya maji mpaka magoti kutwa nzima. Tope linalotoka pale lina kobalti na shaba, na linashuka kwa jirani wa chini. Halina asidi ya usine, na mtu mwenye beshi si sawa na bwawa lenye bomba. Lakini modeli ambayo ingemsahau mchimbaji ingekuwa ya uongo, na ingempa kampuni sababu nzuri ya kuitupa. Afadhali aingizwe, ionekane sehemu yake ni kiasi gani, na atafutiwe fasi ya kusukulia ambapo maji yanazunguka ndani ya bwawa dogo badala ya kurudi mtoni.

Sheria kwa upande huu haikosekani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inasema mwenye kuchafua ndiye anayelipa. Sheria ya maji ilitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2015. Code minier iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018 iliongeza kifungu cha 285 bis: mwenye haki ya mgodi analipa madhara ya kazi yake kwa watu, mali na mazingira hata kama hakuna kosa lililothibitishwa. Ni kifungu kikubwa. Mtu wa kijiji hahitaji tena kuonyesha kwamba kampuni ilizembea. Bado anahitaji kuonyesha kwamba madhara yametoka kwenye kazi ile na si kwenye ile ya jirani. Na hapo, bila vipimo na bila hesabu ya mto, kifungu kinakuwa kama pombe iliyofungiwa kabatini: unaiona, huionji.

Tutaongeza kwamba modeli mara nyingi zipo tayari. Kampuni kubwa haipati ruhusa bila uchunguzi wa athari kwa mazingira na watu, ile EIES, na ndani ya vitabu hivyo vinene mara nyingi kuna kurasa za hesabu ya maji. Ugumu ni kwamba zinakaa ofisini, kwa Kifaransa cha wahandisi, na mtu wa Kafubu hajawahi kuziona.

Nasi tusiziamini kwa kuwa tu zimechapwa vizuri. Modeli ni kama mashine ya kusaga: ukitia mchanga, unga hautoki. Udanganyifu wa kawaida hauko kwenye kompyuta, uko kwenye namba iliyoingizwa. Mhandisi akitumia wastani wa maji ya mwaka mzima, mto unaonekana mkubwa na bomba linaonekana dogo. Akitumia maji ya Septemba, picha inageuka kabisa. Kwa hiyo kampuni ikija kwenye mkutano na ramani zake za rangi, mtu asiye na diploma anaweza kuuliza swali moja la kutosha: mlihesabu na maji ya mwezi gani? Na akijibiwa, aongeze: mliweka tope? Na mvua ya kuvunja ukuta wa bwawa, mliihesabu ao mlihesabu siku za amani tu?

Vitu vya kuanzia si vya bei ya ajabu. Mbao yenye namba iliyosimikwa mtoni, ili kusoma kimo cha maji kila asubuhi. Kifaa cha mkononi cha pH, na kingine kinachoonyesha kama maji yanapitisha umeme kwa urahisi. Maji ya usine yenye chumvi za asidi yanapitisha umeme kuliko maji safi, kwa hiyo sindano ikiruka ghafla, kuna kitu kimeingia hata kama rangi haikubadilika. Fasi nne ao tano tu: kabla ya mji, chini ya kartie ya viwanda, mahali mto Lubumbashi unapoingia Kafubu, na chini zaidi vijijini. Vipimo vya chuma vyenyewe vinahitaji labo, lakini hivyo vinaweza kufanywa mara moja kwa mwezi, na mara moja baada ya kila mvula kubwa. Chuo kikuu kipo hapa hapa mjini, na vijana wa kemia na jiolojia wanaotafuta kazi ya kuandika memwari hawakosekani.

Nani alipe? Code minier inalazimisha kampuni kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Makuta hayo yanajenga madarasa na vituo vya afya, na ni vizuri. Lakini kupima uchafu wa kampuni kwa makuta ya jamii si haki. Hiyo ni gharama ya kazi yenyewe, sawa na mafuta ya kamio. Kampuni zilipe, kwa kiasi cha maji kila moja inayomwaga, na kazi ya kupima ifanywe na watu ambao mshahara wao hautoki kwa yeyote kati yao. Na matokeo yabandikwe: ofisi ya komine, kituo cha afya, ukuta wa soko, kwa Kiswahili, na jina la mto, tarehe, na neno moja ambalo kila mtu anaelewa kama maji yale yanafaa kumwagilia ao hapana.

Mwezi wa Septemba mto uko chini kabisa, na tope liko wazi pembeni kwa mtu anayetaka kulichukua na kulipeleka labo. Wiki chache baadaye mvula inarudi na kulipekua. Atakayetaka kujua mto wetu unabeba nini ana nafasi hiyo moja kwa mwaka, na cahier des charges za kampuni zinazojadiliwa na vijiji zinaweza kuandikwa humo tangu sasa: vipimo vya Septemba, vikifanywa na mtu wa nje, na karatasi mbele ya watu kabla ya mvula ya kwanza.